Kompyuta Ndani ya Kompyuta

Kompyuta za shule yetu ni za wote, na ndani yake mna kazi za wenzetu. Je, atakaye kujifunza Linux aifute Windows? La, hasha! Programu ya VirtualBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007, huunda kompyuta ya kubuni ndani ya ile halisi. Mgeni huyu hukatiwa sehemu ya kumbukumbu: penye GB 8 mimi humpa 2, maana akipewa zote mwenyeji atakwama. Diski yake ni faili tu. Kabla ya jaribio la hatari huihifadhi hali yake. Mambo yakiharibika, huirudisha. Lakini faili ikipotea, mgeni naye hupotea. Basi, ndugu zangu, wekeni nakala mahali pengine.