Fulusi za Sham: Kutambua na Kuthamini Sarafu za Shaba za Mwigo



Alitufikia mama mmoja, mjane, akiwa na kibweta kidogo mkononi. Marehemu mumewe aliwahi kufanya ziara ya Baitul Muqaddas miaka mingi iliyopita, akarejea na sarafu nne za shaba alizozinunua dukani huko. Sasa mirathi ilikuwa ikisubiri kugawanywa, na sarafu hizo zilikwisha kuzusha maneno. Mnunuzi mmoja wa vitu vya kale alizitupia jicho mara moja tu, akasema ni bandia, ila kwa kumhurumia mjane angetoa shilingi mia tano kwa zote. Shemeji yake naye alishikilia kwamba ile ni mali ya mamilioni. Mama akatuuliza, "Wanangu, nani mkweli? Humu mna haki ya mayatima."

Tulipofungua vitabu na kuwauliza wajuzi, tuliona kwamba wote wawili walikosea. Tuliona pia kwamba mambo haya yanazihusu nyumba nyingi za pwani, kwani mahujaji na wasafiri wetu hurejea na vitu kama hivi, vikakaa makashani hadi mwenyewe anapoaga dunia.

Mwigo si ghushi

Neno "fulusi" tunalolitamka kila siku lina safari ndefu. Warumi wa Mashariki, ambao Sura ya 30 ya Qur'ani Tukufu imeitwa kwa jina lao, waliita sarafu yao kubwa ya shaba follis. Waarabu wakaitamka fals, na wingi wake fulus. Neno hilo likavuka bahari hadi kwetu.

Waislamu walipoichukua Sham baada ya vita vya Yarmuk vya mwaka 636, walikuta masoko yamezoea sarafu za Kaisari, nao hawakuzipiga marufuku. Kwa miaka kadhaa sarafu za Kaisari Constans II, aliyetawala kutoka 641 hadi 668, ziliendelea kuingia nchini humo. Lakini shaba ndiyo pesa ya mkate na mboga, na ilipopungua watu wa miji wakaanza kujipigia wenyewe kwa kuiga zile walizozijua. Hawakukusudia kumhadaa mtu. Walihitaji pesa ndogo ya sokoni, na muuzaji na mnunuzi wote walizikubali.

Kwa hiyo, yule mnunuzi alipotamka "bandia" alichanganya vitu viwili. Mwigo wa zama zile ni sarafu halisi ya zama zile, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,300. Ghushi ni ile iliyotengenezwa jana ili kumlaghai msafiri.

Daraja tatu za kuzitambua

Daraja ya kwanza ni mwigo mtupu. Upande mmoja amesimama Kaisari, ameshika msalaba mrefu; upande wa pili ipo herufi kubwa M, ambayo kwa hesabu ya Kiyunani ni 40. Maandishi ya Kiyunani yamevurugika: herufi zimegeuzwa, zimerukwa, au zimekuwa mistari isiyosomeka, kwa sababu aliyechonga muhuri aliiga maumbo bila ya kujua kusoma. Hakuna Kiarabu wala jina la mji. Hizi ndizo nyingi zaidi.

Daraja ya pili ina lugha mbili. Picha bado ni ya Kaisari, lakini jina la mji limetokea kwa Kiyunani na kwa Kiarabu: Dimashq, Hims, Tabariya, Baysan. Baysan waliiga sarafu ya zamani zaidi, yenye Kaisari Justin II na mkewe Sophia wameketi pamoja. Jambo la kupendeza ni maneno ya kuithibitisha pesa. Za Dimashq nyingine zina neno "ja'iz", yaani inaruhusiwa. Za Hims zina neno "tayyib", yaani nzuri, na upande wa pili neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo. Wenye mamlaka walitaka Muislamu na Mkristo wa soko lile wote waelewe kwamba pesa hii ni njema.

Daraja ya tatu ni ya zama za Khalifa Abd al-Malik bin Marwan, aliyetawala kutoka 685 hadi 705. Kaisari ameondoka. Mahali pake amesimama mtu mwenye ndevu, mkono ukiwa juu ya upanga, na jina la Khalifa limeandikwa pembeni kwa Kiarabu. Upande wa pili, katika sarafu nyingi za namna hii, msalaba uliokuwa juu ya ngazi umekatwa mikono, ukabaki mti uliosimama, na kuuzunguka imeandikwa Shahada. Kisha, mwaka 77 Hijria, Khalifa alitoa dinari ya dhahabu isiyo na picha yoyote, maneno matupu, na baadaye fedha na shaba zikafuata. Mwigo ukaishia hapo. Ukizipanga sarafu hizi mezani kwa zamu, utauona umma mchanga ukijifunza kutia neno lake juu ya pesa yake.

Dalili za ghushi ya leo

Sarafu za kale zilipigwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Ghushi nyingi humiminwa katika kalibu. Basi chukua kioo cha kukuzia, kama kile cha sonara, utazame mambo manne. Kwanza, vitundu vidogo kama vya povu juu ya uso wake. Pili, mshono au alama ya tupa ukingoni. Tatu, herufi laini zisizo na makali, kama sabuni iliyotumika. Nne, ukiwa na mbili zinazofanana kwa kila kitu, hata kwa ufa na mkato wa ukingo, zote mbili zitilie shaka, kwani nyundo haipigi mara mbili sawasawa. Kutu ya kijani nayo iangaliwe. Ile ya karne nyingi imeshikamana na shaba. Ya kupakwa hutoka kwa kitambaa chenye maji.

Uzito husaidia, lakini hautoshi peke yake. Zile zenye picha ya Khalifa aghalabu huwa za gramu 3 hivi, na mwigo wa daraja ya kwanza hupanda na kushuka sana.

Thamani hutoka wapi?

Wengi hudhani kwamba umri ndio bei. Sivyo. Mwigo wa daraja ya kwanza una umri mkubwa, na bado huuzwa kwa makumi ya dola za Marekani tu, kwa kuwa upo mwingi. Bei hupandishwa na jina la mji. Sarafu ya Khalifa iliyopigwa Halab au Hims hupatikana mara kwa mara. Ile yenye maneno "Iliya" na "Filastin", yaani ya Baitul Muqaddas, ni adimu mno, na adimu za namna hiyo hufika mamia, na pengine maelfu, ya dola.

La pili ni kusomeka. Sarafu yenye jina la mji lililo wazi hushinda mara nyingi ile iliyofutika. La tatu ni hali ya uso wake, na hapa ndipo majumbani tunapojidhulumu. Tunachukua limau, majivu au dawa ya kusugulia sufuria, tukaing'arisha mpaka ikawaka. Akina mama, tafadhalini, msizioshe. Ile kutu nyembamba ndiyo inayozihifadhi herufi. Ikisuguliwa, herufi huondoka nayo, na bei pia.

La nne ni asili yake: ilinunuliwa wapi, lini, na kwa karatasi gani. Tangu vita vilipoanza Sham, vitu vingi vya kale vimefukuliwa na kuibwa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2199 la mwaka 2015, lilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale vilivyotolewa Syria na Iraq kinyume cha sheria. Sarafu isiyo na historia huenda ikawa mali ya wizi, na Muislamu haoni haya kuuliza kabla ya kununua.

Hukumu hiyo inatuhusu hata nyumbani. Pwani yetu ina fulusi zake, zile za masultani wa Kilwa zenye majina yao kwa Kiarabu. John Walker wa Makumbusho ya Uingereza, ambaye mwaka 1956 alichapisha orodha kubwa ya sarafu hizi za Sham, ndiye huyo huyo aliyeandika juu ya sarafu za Kilwa mwaka 1936. Anayeokota sarafu ya kale ardhini hapa Kenya asikimbilie dukani. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inamtaka atoe taarifa.

Kibweta cha mama

Tulizipima zile nne, tukazipiga picha pande zote mbili, tukazilinganisha na vitabu, kisha tukawapelekea picha wajuzi wawili wasiojuana. Ya kwanza ilikuwa mwigo wa kawaida. Ya pili ilikuwa ghushi ya kumiminwa. Marehemu naye alilaghaiwa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ya tatu ilikuwa na picha ya Khalifa, lakini mkamwana aliisugua kwa limau siku ya usafi, na jina la mji halikuonekana tena. Binti yule alilia, tukamwambia hakukusudia.

Ya nne ilikuwa ya Hims. Neno "tayyib" lilisomeka wazi, na risiti ya duka ilikuwa bado imekunjwa chini ya kitambaa cha kibweta. Wajuzi wote wawili waliikadiria, hiyo moja peke yake, mara nyingi zaidi ya zile shilingi mia tano. Haikufika mamilioni, na shemeji alikubali.

Zote ziliandikwa katika orodha ya mirathi, ile ghushi ikiandikwa kuwa ni ghushi, kwa bei waliyoridhia warithi wote. Binti mdogo aliomba sarafu ya Hims ihesabiwe ndani ya fungu lake, akapewa. Ameihifadhi katika karatasi kavu pamoja na risiti yake, na mama amemkataza asiioshe.

Basi, ndugu zetu, fungueni vibweta vyenu mkiwa hai. Andikeni kila kitu kilikotoka, mwaambieni watoto, wala msikubali bei ya mtu mmoja. Mali ya yatima ni amana, hata ikiwa kipande cha shaba.

Wabillahi tawfiq.