Kisukari na «dawa ya Kihindi»: ayurveda inasema nini kweli juu ya sukari?

Shangazi yangu wa Kalundu aliacha vidonge vyake vya kisukari. Muuzaji mmoja alipita nyumba kwa nyumba na chupa za maji ya kahawia, akasema ni dawa ya Kihindi, ayurveda, inaponyesha kisukari kwa siku 21, na mwenye kuinywa anaweza kutia tena sukari kwenye chai namna anapenda. Hata siku hizo hazijaisha, tukamupeleka hospitali kwa pikipiki: kiu haiishi, anakojoa kila mara, macho hayaoni vizuri. Yuko muzima, Mungu asifiwe. Lakini nikataka kujua kama ayurveda yenyewe inasema vile.

Haisemi vile hata kidogo.

Ayurveda ni uganga wa kale wa India. Vitabu vyake viwili vikubwa, cha Charaka na cha Sushruta, vina zaidi ya miaka 1,500. Vinataja ugonjwa wa madhumeha, maana yake mkojo wa asali. Mashine ya kupima damu ya kidole haikukuwa, lakini waliona sisimizi wanakimbilia mkojo wa mgonjwa, wakajua una utamu.

Na chanzo? Hawakushitaki sukari peke yake. Charaka anataja vitu vya sukari guru, lakini pamoja na mtindi, nafaka mpya, nyama za mafuta, kukaa kitako na kulala sana. Kwao hata wali na maziwa ni vitu vitamu. Dawa yao ilianza na shayiri, vyakula vichungu na jasho. Sushruta anafika kusema mgonjwa maskini atembee safari ndefu kwa miguu, ao achimbe kisima. Yule muuzaji wa chupa hakumuambia shangazi achimbe kisima!

Hapa kwetu sukari tunaijua. Kiwanda cha Kiliba kilisimama wakati wa vita ya 1996, lakini vikombe havikukauka: sukari ya inje inaingia. Sayansi ya leo haisemi kwamba kijiko cha sukari kinageuka kisukari moja kwa moja. Inasema sukari ikizidi, zaidi ile ya kunywa, inaleta uzito na mafuta ya tumbo na ya maini, na insulini ya mwili inashindwa kazi yake. Tangu 2015, OMS inashauri sukari ya kuongeza isipite asilimia 10 ya nguvu ya chakula, na vizuri zaidi iwe chini ya 5, ni kusema kama gramu 25 kwa siku, vijiko vidogo 6. Chupa moja ya sukre ya santilita 33 inaweza kuwa na gramu 35. Na bugali ya muhogo, hata kama haina utamu mdomoni, inageuka sukari ndani ya damu. Anayeacha sukari ya chai halafu anamaliza kilima cha bugali hajapunguza mengi.

Kuna jambo lingine wauzaji wanaruka. Sushruta alitenga wagonjwa aina mbili: wenye kunenepa kwa sababu ya chakula, na waliokonda, waliozaliwa nao. Juu ya hawa wa pili waliandika kwamba hauponi. Watoto wa namna hiyo waliendelea kufa mpaka Januari 1922, wakati insulini ilitolewa kwa mgonjwa wa kwanza kule Toronto. Kumuondolea mtoto sindano yake kwa sababu ya chupa ni kumuua.

Majani machungu, kama mubirizi wetu ao karela ya Wahindi, yanaweza kushusha sukari kiasi. Ukiyachanganya na vidonge bila kumuambia daktari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi, mtu akaanguka. Tena chupa yenyewe ina nini ndani? Mwaka 2008, watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za ayurveda zilizouzwa kwa intaneti. Karibu 1 kwa 5 ilikuwa na madini ya risasi, zebaki ao arseniki. Ya shangazi haikuwa hata na karatasi ya jina.

Kipimo cha kisukari ni tone la damu. Asubuhi kabla ya kula, 126 ao zaidi, ikirudiliwa siku ingine na ikibaki vile, ni ugonjwa.

Shangazi amerudilia vidonge vyake. Chai anakunywa bila sukari, na kila asubuhi analalamika.