Mtoto wa Shamba la Chai Asomee Kazi Gani?

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatangazwapo, nyumba nyingi za Kericho na Bomet huulizana swali moja: "Sasa mtoto huyu asomee nini?" Swali hilo ni jema, lakini mara nyingi huja kwa kuchelewa. Yafaa liulizwe mapema, kabla ng'ombe hajauzwa kwa ajili ya karo.

Zamani kijana aliyekosa shule aliweza kutegemea kapu la kuchumia chai. Tegemeo hilo limepungua, kwani makampuni makubwa yameleta mashine za kuchuma, na mashine moja hufanya kazi ya watu wengi. Mwezi wa Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zilichomwa moto huko Kericho na watu waliohofia riziki yao. Hofu hiyo si ya bure. Basi mzazi hana budi kumtafutia mwanawe ujuzi usioondolewa upesi na mashine.

Ujuzi huo waweza kupatikana katika chai yenyewe. Fikiria safari ya jani moja. Kiwandani hunyaushwa, husagwa, huachwa ligeuke rangi, hukaushwa, kisha chai huchambuliwa kwa ukubwa wa chembe. Kazi hiyo yote yahitaji fundi wa umeme, fundi wa mitambo, mtunzaji wa boila na karani wa hesabu. Mombasa, chai inakouzwa kwa mnada, wako waonjaji. Katika taasisi ya utafiti wa chai, Kericho, wako wataalamu wa udongo na mimea. Mtu aweza kuishi kwa chai bila kubeba kapu.

Je, milango hiyo hufunguliwaje? Katika mtihani wa KCSE, wastani wa C+ humruhusu mwanafunzi kuomba shahada. C- humfikisha kwenye stashahada. D, kwenye cheti. Na aliye chini ya hapo aweza kujifunza ufundi stadi. Shirika la serikali liitwalo KUCCPS ndilo liwapangialo wanafunzi nafasi. Lakini wastani peke yake hautoshi. Uhandisi, mathalani, wataka hesabu, fizikia na kemia. Mwanafunzi aliyepata B naye hakusoma fizikia ataukuta mlango huo umefungwa.

Katika mtaala mpya, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, uchaguzi huja mapema zaidi. Mtoto angali gredi ya 9 hutakiwa kuchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo.

Vyuo si lazima vitafutwe mbali. Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake mwaka 2013. Bomet kuna chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na kuna pia chuo cha ufundi cha Sot. Wapendao uuguzi wana shule ya Tenwek.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi na aulize mambo manne. Je, chuo na kozi vimeidhinishwa, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kwa shahada, au na TVETA kwa ufundi? Je, bodi ya kazi hiyo, kama ile ya wahandisi au ya wauguzi, huitambua kozi hiyo? Gharama yote hadi mwisho ni kiasi gani, pamoja na chakula na malazi? Je, mtoto mwenyewe aipenda kazi hiyo?

Wala asidharauliwe aanzaye na cheti. Kutoka cheti aweza kupanda hadi stashahada, na kutoka stashahada hadi shahada, huku akifanya kazi na kujilipia karo. Mwenda pole hajikwai.