Anayenunua Nyumba Ngamiani Ananunua na Ukuta wa Jirani

Mwenye akiba ya milioni tisini leo Tanga ana njia mbili. Anaweza kwenda Kange au Pongwe, akanunua kiwanja kilichopimwa, akaanza kufyatua matofali. Au anaweza kubaki mjini, Ngamiani, Chumbageni ama Usagara, akatafuta nyumba iliyokwisha kusimama, imebanana na wenzake, duka upande huu na fundi cherehani upande ule. Wengi wanachagua njia ya kwanza. Mimi naitetea ya pili, na nitaeleza pia kwa nini inawatisha watu, kwa sababu hofu yao ina msingi.

Ngamiani ni mtaa uliopangwa vizuri kuliko mitaa mingi ambayo miji yetu imejenga baadaye. Barabara zake zimenyooka, zinakatana kwa pembe, na nyingi zinaitwa kwa namba tu: ukimwambia dereva wa bodaboda "nipeleke Barabara ya Nane" hahitaji maelezo zaidi. Ardhi ni tambarare, ndiyo maana Tanga ikabaki mji wa baiskeli hadi leo. Mama anatoka na kikapu, anakwenda Soko la Mgandini, anarudi kabla maji ya chai hayajachemka mara ya pili. Asubuhi vitumbua na mihogo vinauzwa barazani, jioni kahawa na kashata. Hospitali ya Bombo si safari ya nauli mbili. Ukihamia pembezoni unayaacha yote haya, kisha unatumia miaka kumi kuyanunua upya kidogokidogo: pikipiki, nauli za watoto, kisima, ukuta wa uzio, mlinzi.

Nyumba ya asili ya hapa inajulikana. Kibaraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko na choo. Imejengwa karibu na ya jirani kiasi kwamba uchochoro wa katikati unapita mtu mmoja kwa ubavu. Sasa, hapa na pale, nyumba hizo zinabomolewa. Kwenye kiwanja kilekile mwenye mali anapandisha nyumba mbili au tatu zilizoungana, kila moja na mlango wake wa barabarani, sebule chini, vyumba juu, bati la msauzi, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini. Ni wazo zuri. Kiwanja kimoja kinalaza familia tatu na mtaa haupotezi uhai wake. Pwani yetu haikuanza leo kuishi kwa kuegemeana kuta: watu wa Mji Mkongwe wa Unguja na wa Lamu wamefika mbali zaidi, mpaka wakajenga wikio, chumba kinachovuka njia kwa juu kuunganisha nyumba mbili.

Hata katikati ya jiji la Tanga zipo safu za zamani, maduka chini na makazi juu, zilizojengwa kwa sehemu kubwa na wafanyabiashara wenye asili ya India enzi za mkonge. Mnunuzi aijue historia yake kabla hajatoa hata senti. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi zikachukuliwa. Zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo aliyekaa humo miaka arobaini anaweza kuwa mpangaji tu. Akikwambia "nakuachia nyumba, nipe milioni kadhaa", anachokuuzia ni kilemba. Kilemba hakina hati, na siku shirika likitaka chumba chake huna pa kusimama.

Lakini mtego mkubwa Ngamiani ni mirathi. Nyumba nyingi za humu ni za marehemu. Aliyejenga alifariki miaka ya 70 au 80, watoto wakabaki ndani, wajukuu wakazaliwa, wengine wakaenda Dar, Mombasa, Muscat. Jina kwenye karatasi bado ni la babu. Anayekuonyesha nyumba ni mjukuu mmoja mwenye ufunguo, pamoja na dalali.

Tufanye hesabu, maana hapa hesabu inafundisha kuliko maneno. Marehemu Mwislamu ameacha wake wawili, wana watatu na mabinti wanne, wazazi wake wametangulia, wala hana deni wala wasia. Nyumba inauzwa milioni 90. Wake wanagawana thumni, yaani kila mmoja milioni 5 na laki 6 na elfu 25. Kinachobaki kinakatwa mafungu kumi, mwana anachukua mawili na binti moja: kila mwana milioni 15 na laki 7 na nusu, kila binti milioni 7 na laki 8 na elfu 75. Watu tisa wana haki kwenye tofali lilelile. Mmoja wao akifariki kabla ya mauzo, fungu lake linagawanyika tena kwa warithi wake. Ndipo anapojitokeza shangazi kutoka ng'ambo, fedha zimeshaliwa, anafungua kesi, na aliyenunua kwa nia njema anaanza kuhudhuria mahakamani badala ya kupiga rangi.

Dawa yake ipo na si ya siri. Familia inakaa kikao, inaandika muhtasari, inapendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo inatangaza shauri ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa anapewa fomu ya uteuzi. Halafu, na hapa wengi wanaruka, jina lake linatakiwa liingizwe kwenye hati kama msimamizi kabla ya kukuuzia. Mnunuzi aombe kuiona fomu yenyewe, asiridhike na picha ya simu, aende nayo mahakamani ilikotolewa kuithibitisha. Aombe warithi wote watie saini ya kuridhia, hata walio mbali. Kisheria msimamizi ana mamlaka ya kuuza, lakini saini tisa leo ni nafuu kuliko wakili kesho. Familia yenye nia safi haitakasirika ukiuliza. Ikikasirika, shika njia yako.

Kama muuzaji yu hai na hati ni yake, bado kuna mwenza. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume, hata kama jina la mwenza halimo kwenye hati. Baada ya hapo ni ofisi ya ardhi: omba upekuzi kwenye daftari la msajili, uone kama kuna rehani ya benki, zuio, au deni la kodi ya pango la ardhi. Mauzo yawe kwa maandishi, mbele ya wakili, na uhamisho upite kwenye fomu za ardhi namba 29, 30 na 35. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, na muuzaji ana kodi yake kwa faida aliyoipata. Ile asilimia kumi inayoombwa mitaani kwa sababu kiongozi amegonga muhuri imekuwa desturi, lakini haimo katika sheria ya ardhi. Mwenyekiti wa mtaa ni shahidi wa maana sana, anawajua watu wote wa nyumba ile. Mshirikishe kwa ushahidi wake.

Sasa turudi kwenye zile nyumba mpya tatu juu ya kiwanja kimoja. Hati ya kiwanja ni moja. Ukinunua ya katikati, unapewa nini? Wajenzi wengine wanakupa mkataba wa mauziano na mkono wa heri, hati wanabaki nayo. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya Jengo, Namba 16, kwa ajili ya hali hiihii. Kila mwenye sehemu anapata hati yake, na wote kwa pamoja wanakuwa chombo kimoja kinachosimamia paa, ngazi, shimo la maji taka, uchochoro. Watu wengi wanadhani sheria hiyo ni ya maghorofa ya Dar es Salaam. Ngamiani inaihitaji vilevile, na nasema bila kusita kwamba nyumba iliyoungana isiyo na hati ya sehemu, wala mpango ulioandikwa wa kuipata, isinunuliwe kwa bei ya nyumba kamili.

Mtu akitaka kuona umuhimu wa kile chombo cha pamoja aende Buruburu, Nairobi. Safu zile zilijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 70, nyumba zilizoungana, zenye bustani ndogo na njia za watembea kwa miguu, mtaa wa watumishi wa tabaka la kati. Baadaye kila mwenye nyumba akaongeza anachotaka: duka mbele, chumba cha kupangisha nyuma, ghorofa juu. Nyumba iliyofinywa katikati ikakosa hewa na jua. Makubaliano ya ukuta yangeandikwa na kusimamiwa mapema, mtaa ule ungebaki na sura nyingine.

Ukuta wenyewe uangaliwe kwa macho na kwa mkono. Pwani ina maadui wawili, chumvi na unyevu. Chukua ufunguo, ukwaruze plasta karibu na sakafu, hasa kwenye ukuta wa pamoja ambao hauoni jua. Ikidondoka kama unga, au rangi ikivimba na kuacha alama nyeupe, ama mchanga ulitoka ufukweni bila kuoshwa, ama fundi hakuweka nailoni kati ya msingi na ukuta na maji yanapanda. Tazama chini ya lenta na kwenye pembe za nguzo: mstari wa kutu maana yake nondo imeanza kuvimba ndani na zege litapasuka. Uliza ukuta wa kati ni wa matofali ya inchi ngapi, na kama umepanda mpaka kwenye bati au umeishia kwenye dari. Ukiishia kwenye dari, moto wa jirani unapita juu kwa juu mpaka kwako, sauti yake pia, na panya wake. Kenchi za nyumba mbili zikilala kwenye ukuta mmoja, siku jirani akitaka kupandisha ghorofa paa lako ndilo litakalofunuliwa. Hilo liandikwe mapema: nani anaruhusiwa kujenga juu, kwa kibali gani cha Halmashauri ya Jiji, na nani anarekebisha ufa.

Fedha ni ngumu, nisimdanganye mtu. Mikopo ya nyumba ipo kwenye benki, na tangu 2010 kuna kampuni ya TMRC inayozikopesha benki ili ziweze kutoa mikopo ya muda mrefu. Riba bado ni nzito. Mkopo wa milioni 80 kwa riba ya asilimia 16, kwa miaka 15, ni marejesho ya takriban milioni 1 na laki 1 na elfu 75 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 211. Mwalimu na nesi hawauwezi. Ndiyo maana watu wanajenga kidogokidogo huko Kange, tofali la mwezi huu, bati la mwakani. Sababu nyingine ndiyo hii ninayoishikilia: benki haikopeshi juu ya jina la marehemu. Karatasi za Ngamiani zikinyooshwa, nyumba za Ngamiani zitaweza kuwekwa rehani, na mnunuzi wa kipato cha kati atakuwa na mahali pa kuanzia.

Wakati nao unasukuma. Bandari ya Tanga imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13, meli sasa zinafunga gatini badala ya kupakulia mbali. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta kutoka Hoima, kilomita 1,443. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani mwaka 2024 ya zaidi ya shilingi bilioni 53 ili kupanua huduma. Wageni watakuja, kodi zitapanda, na wenye fedha watazitaka barabara zile zenye namba. Familia ya Ngamiani yenye nyumba isiyo na msimamizi itauza kwa bei ya woga, nusu ya thamani, kwa sababu mnunuzi naye anaogopa. Halmashauri na ofisi ya ardhi wangeweka meza Ngamiani kwa miezi michache, pamoja na karani wa mahakama, wakashughulikia mirathi na hati mtaa kwa mtaa, wangeokoa mali nyingi za wajane na mabinti, ambao ndio huachwa nyuma nyumba ikiuzwa kienyeji.

Aliyeamua kununua aende kuiona nyumba wakati wa masika, mwezi wa nne au wa tano, mvua ikinyesha. Asimame uani atazame maji ya paa la jirani yanaangukia wapi. Afunue chemba, aulize bomba la choo linakwenda kwenye mtandao au kwenye shimo, na shimo liko chini ya chumba cha nani. Ahakikishe mita ya maji na ya umeme wa LUKU ni zake peke yake, maana kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Kisha akae barazani jioni moja na majirani wa pande zote mbili, kabla ya kulipa.