Kuushtua Moyo Wenye Kifaa cha Umeme

Tarehe 8 Oktoba, 1958, nchini Sweden, daktari Åke Senning alimpandikiza mgonjwa Arne Larsson kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, cha kwanza kutiwa ndani ya mwili wa binadamu. Kifaa hicho, kilichoundwa na mhandisi Rune Elmqvist, kilidumu saa chache tu; lakini Larsson, kwa kubadilishiwa vifaa mara nyingi, aliishi hadi mwaka 2001. Mwaka 1980, huko Baltimore, Marekani, kilipandikizwa kifaa cha kwanza chenye uwezo wa kutambua mapigo ya hatari na kuushtua moyo kwa umeme kutoka ndani.

Je, mtu mwenye kifaa cha namna hiyo akianguka, asizinduke wala kupumua, yafaa kumtumia mashine ya kushtua moyo kutoka nje? Wataalamu hujibu kwamba yafaa, tena bila kusita. Moyo unaotetemeka ovyo hausukumi damu, na kila dakika ipitayo bila msaada hupunguza matumaini ya kupona. Wala haifai kutegemea kifaa cha ndani peke yake, kwa maana huenda kimeshindwa kazi.

Jambo la kuzingatia ni mahali pa kuweka vibandiko vya mashine. Uvimbe mgumu chini ya mtulinga, wenye ukubwa unaokaribia kiberiti, ndio dalili ya kifaa. Kibandiko kisiwekwe juu yake, bali umbali wa sentimita 8 au zaidi, yaani takriban upana wa kiganja. Sababu ni mbili: ganda la madini laweza kuupotosha mkondo wa umeme usiufikie moyo ipasavyo, na umeme waweza kukiharibu kifaa, au kupita katika waya wake na kuunguza nyama ya moyo.

Kwa kawaida kibandiko kimoja huwekwa chini ya mtulinga wa kulia, na cha pili ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Vifaa vingi hupandikizwa kushoto, chini ya mtulinga, hivyo mara nyingi hapana kizuizi. Kifaa kikiwa kulia, kibandiko kimoja chaweza kuwekwa kifuani na kingine mgongoni.

Mgonjwa akiokoka, hapana budi kifaa chake kipimwe hospitalini. Kifaa kilichoharibika hubadilishwa. Uhai uliopotea kwa kusitasita haurudi.