Ngozi Ikifunga, Jeraha Bado

Mkulima anafyeka shamba, panga linateleza na kumkata chini kidogo ya kiwiko. Wiki mbili baadaye nyuzi zimetolewa, ngozi imefunga, na nyumbani wanamshukuru Mungu kwamba amepona. Lakini panga lile lilipita kwenye aina zote nne za tishu za mwili, na kila tishu hupona kwa namna yake.

Tishu ni kundi la seli zinazoshirikiana katika kazi moja. Ya kwanza ni epithelia, inayofunika ngozi kwa nje na kutandikwa ndani ya utumbo na njia ya hewa. Seli zake zimebanana, ndiyo maana vijidudu havipenyi kirahisi. Pia huzaliana bila kukoma. Zikikatwa, zile za ukingoni hutambaa hadi zikutane katikati, na kidonda hufunga.

Chini yake kuna tishu unganishi: damu, mafuta, mifupa, gegedu na kano. Humu seli za faibroblasti hutengeneza nyuzi za kolajeni zinazounda kovu. Hata likikomaa, kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya uimara wa ngozi ya awali. Kano, zinazoshikiza misuli kwenye mifupa, zina mishipa michache ya damu, kwa hiyo hupona kwa miezi.

Tishu ya tatu ni misuli. Nyuzi zake hujikunja na kutupa nguvu, ila haziwezi kugawanyika. Pembeni yake hulala seli za akiba ambazo huamka msuli ukiumia na kuunda nyuzi mpya. Pengo likiwa kubwa mno huzibwa na kovu, na kovu halijikunji.

Ya nne, neva, ndiyo inayotaka subira kuliko zote. Seli inayoamuru kidole kikunjwe ina kiini chake kwenye uti wa mgongo, na uzi wake unashuka hadi kwenye msuli. Uzi ukikatwa, kipande kilichotengana na kiini hufa. Kilichobaki huota upya takriban milimita 1 kwa siku, kikifuata seli saidizi za neva, ziitwazo seli za Schwann, zilizosalia njiani kama pesheni inavyofuata waya shambani. Kutoka chini ya kiwiko hadi ncha ya kidole, sentimita 40 hivi, ni siku 400. Ncha zilizokatika zisipounganishwa, uzi hupotea njia, na misuli iliyokosa neva hunyauka.

Kwa hiyo, kabla jeraha la mkono halijashonwa, mgonjwa aguswe ncha ya kila kidole, kisha akunje na kunyoosha kimoja kimoja. Akihisi ganzi, au kidole kikigoma, aseme hapo hapo, aonwe na daktari wa upasuaji. Ngozi itajifunga yenyewe. Neva na kano zilizokatika zinahitaji mtu wa kuziunganisha, tena mapema.