Feza Katika Mwili wa Mtu: Ni Dawa ao Ni Sumu?

Wakristu wakishikwa na ugonjwa, wengi wao hupita kwanza kwa katekista ao kwa padri, ndipo waende kwa munganga. Wanatuonyesha chupa, wanatuuliza kama dawa ile ni nzuri. Kati ya chupa hizo iko moja inayouzwa katika inchi nyingi, na siku hizi kwa njia ya intaneti pia: ni maji yenye chembe ndogo sana za feza ndani yake. Wauzaji wanasema kama inaponya karibu kila ugonjwa. Basi imetupasa kujua ukweli wake, ili tusimpoteze mtu anayetutumainia.

Tupambanue kwanza maneno. Hapa hatusemi juu ya feza ya kununulia chakula, bali juu ya madini yenyewe, ile inayofuliwa kuwa pete ao kalisi. Tena kuna namna tatu za kukutana nayo: kuigusa, kuipakaa na kuimeza. Hukumu yake si moja.

Kuigusa. Feza ngumu haidhuru watu, isipokuwa wachache ambao ngozi yao haipatani nayo. Weusi unaoonekana juu ya kalisi ya zamani si sumu. Ni feza iliyoungana na sulfuri ya hewa. Tukumbuke weusi ule, maana tutaukuta tena ndani ya mwili.

Kuipakaa. Watu wa kale waliijua nguvu ya feza. Herodoto anasimulia kama Kiro, mfalme wa Uajemi, alipokwenda vitani alichukuliwa maji yaliyochemshwa, katika vyombo vya feza. Sababu yake ni hii: feza ikiwa majini hutoa chembe zinazoshika protini za mikrobi, na mikrobi hufa. Karibu na mwaka 1880, munganga Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alianza kutia tone la nitrati ya feza katika macho ya watoto waliozaliwa sasa hivi. Zamani, karibu watoto 10 katika 100 wa hospitali yake walipata ugonjwa wa macho unaotoka kwa mama na unaoweza kupofusha. Baadaye hawakufika hata 1 katika 100. Leo mahali pengi mafuta ya antibiotiki yameshika nafasi ya tone lile. Tena, mwaka 1968, munganga Charles Fox wa Marekani alieleza dawa ya kupakaa watu walioungua moto, sulfadiazini ya feza, nayo ingali inatumiwa. Lakini angalieni: dawa hizo ni za juu ya ngozi ao jicho, kwa kipimo, kwa shauri la munganga.

Kuimeza. Pengine mtu atatupinga: «Kama feza inaua mikrobi juu ya kidonda, kwa nini isiwaue ndani ya tumbo na damu?» Tujibu hivi. Ndani ya mwili feza hukutana upesi na chumvi na protini zetu wenyewe, zinaifunga, nayo hupoteza nguvu yake mbele ya kufikia mikrobi. Sehemu kubwa hutoka pamoja na choo. Inayobaki hukaa katika ngozi, maini, figo na viungo vingine. Mwili wetu hauhitaji feza hata kidogo; si kama chuma, ambacho damu inakihitaji.

Feza iliyokaa katika ngozi hupigwa na mwangaza wa jua, nayo inageuka kuwa nyeusi, kama zilivyogeuka karatasi za foto za zamani, zilizopakwa chumvi za feza. Kisha huungana na sulfuri, kama ile ya kalisi. Hapo mtu hupata rangi ya majivu ao ya buluu, kwanza usoni na mikononi. Waganga huita hali hiyo arjiria. Haitoki kwa sabuni wala kwa dawa ya kunywa. Mwangaza wa laza umepunguza rangi kwa wagonjwa wengine tu. Stan Jones wa Montana, Marekani, alikunywa maji ya feza aliyoyatengeneza mwenyewe, akiogopa kama antibiotiki zitakosekana mwaka 2000. Alipogombea kiti cha seneta mwaka 2002, watu wote waliona uso wake umekuwa wa buluu.

Kuna hatari nyingine. Feza hii huzuia dawa kadha, hata antibiotiki nyingine, zisiingie vizuri mwilini. Mwaka 2004 waganga walieleza habari ya mzee wa miaka 71 aliyeinywa kwa miezi minne, akapata kifafa kisichokoma, mwisho akafa. Nayo nitrati ya feza ikimezwa huunguza kinywa na tumbo.

Je, kipimo kidogo kinaruhusiwa? Idara ya Marekani inayolinda mazingira (EPA) iliweka mpaka wa miligramu 0.005 kwa kila kilo ya mwili kwa siku moja; kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 0.3 tu. Lakini mpaka huo ni wa kukinga hatari, si kipimo cha kuponya. Mwaka 1999 idara inayosimamia dawa kule (FDA) ilitangaza kama maji hayo yanayouzwa bila cheti cha munganga hayakubaliwi kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kuponya. Hata hivyo, mwaka 2020, wakati wa Covid-19, ilibidi kuwaonya wauzaji tena, na kati yao alikuwamo mhubiri wa televisheni.

Ndugu, habari hiyo ya mwisho inatugusa sisi. Muzuri akisifu dawa yake, watu wanampunguzia bei. Mhubiri akiisifu, wanamwamini. Kwa hiyo tusisifu chupa yoyote kanisani, wala tusikubali jina letu litumiwe na wachuuzi. Mama aliyepewa na munganga mafuta ya feza kwa mtoto aliyeungua, tumwambie ayatumie bila woga. Anayekunywa maji ya feza, tumwambie aache, aende hospitali na chupa yake mkononi. Yule ambaye ngozi yake imekwisha kugeuka, asichekwe. Na mtoto mwenye homa apelekwe leo apimwe damu: malaria haingoji chupa iishe.